Chupa ya Konokono Kwenye Kiti cha Tisa

Kazi yangu ilikuwa kuhesabu konokono. Nikisema hivyo watu hucheka, nami huwaacha wacheke mpaka watosheke, kisha nasema tena: kazi yangu ilikuwa kuhesabu konokono, pale Homa Bay, karibu miaka ya tisini yote, na niliifanya vizuri. Asubuhi navaa buti za mpira, nachukua chujio lenye mpini mrefu, naingia ziwani hadi magotini, nachota matope na majani, nawatenga konokono wanaobeba kichocho na wale wasio na hatia. Nawahesabu, naandika, narudi maabara. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja nyuma ya ofisi za wilaya, chenye hadubini moja na rafu za vichupa. Mwanzoni tulikuwa wanne. Mradi ulipokwisha, wenzangu watatu wakapata kwingine, mmoja wao akaondoka bila hata kuosha kikombe chake. Nilikiosha mimi, tena kwa hasira.

Mimi ni mtu wa Migori, upande wa Wakuria, karibu na mpaka wa Tanzania. Kijaluo changu kilitosha kununua samaki na kusalimia, basi. Watu wa Homa Bay hawakunitendea ubaya wowote, naomba nieleweke. Lakini walikuwa wakianza hadithi kwa Kiswahili kwa heshima yangu, halafu utamu ukikolea wanarudi Kijaluo, nami nabaki natabasamu kama mgeni kanisani. Nikienda kwetu Migori mambo ni yale yale kwa namna nyingine. Kule lugha naijua, ila swali ni moja tu: mwanamke mzima, umesoma, unaishi peke yako huko kwa Wajaluo, unafuata nini? Nikijibu konokono, mazungumzo yanaishia hapo.

Ufuoni palikuwa na mama mmoja aliyeanika omena, dagaa wa ziwani, na huyo ndiye niliyezungumza naye kila siku. Alikuwa na turubai lake na ufagio wake, na mdomo usiopumzika.

"Nyar Kuria," ananiita, yaani binti wa Kuria, "leo umepata ngapi?"

"Mia na kitu."

"Na hakuna hata moja ya kupika! Yawa! Mungu alikupea kazi ya kuchekesha."

Nilimjibu kwa ukali karibu kila siku, naye alicheka karibu kila siku. Ilikuwa ndiyo salamu yetu.

Sasa nieleze habari ya chama, maana bila chama hakuna hadithi. Nchini palikuwa na chama cha watu wa elimu ya wanyama, na ndani yake vitengo. Watu wa ndege walikuwa na kitengo chao, kikubwa, chenye kofia nzuri. Watu wa samaki walikuwa na chao. Na sisi, watu wa wadudu, kaa, minyoo na konokono, tulikuwa na Kitengo cha Wanyama Wasio na Uti wa Mgongo. Kiliundwa na mwalimu wangu wa chuo, mzee wa pwani aliyetumia maisha yake yote kuchunguza kupe. Kupe hawa hawa wa ng'ombe. Yeye ndiye aliyenifundisha kuwa mnyama mdogo anastahili jina kamili kama tembo, na yeye ndiye aliyeniingiza kwenye kitengo siku nilipopata kazi.

Siku hiyo alinipa zawadi ya kalamu ya wino, ile ya kujaza kutoka chupani, nyeusi yenye mstari wa dhahabu. Akaninyooshea kidole.

"Hii ni ya barua," alisema. "Kazi ni penseli. Unasikia?"

"Nasikia, Mwalimu."

"Rudia."

"Kalamu ni ya barua. Kazi ni penseli."

Sababu yake ni hii. Mnyama tunayemhifadhi tunamtia katika chupa yenye spiriti, na lebo yake inakaa humo humo ndani pamoja naye. Lebo ya nje huanguka, au mende huila kwa ajili ya gundi. Lebo ya ndani haipotei, lakini iandikwe kwa penseli, maana spiriti haiiwezi penseli. Wino inauyeyusha. Na mnyama asiye na lebo, asiyejulikana ametoka wapi, lini, kwa mkono wa nani, hata awe wa ajabu namna gani, kwetu ni takataka. Kanuni hiyo ilikuwa ya kwanza kwenye katiba ya kitengo, nayo aliiandika Mwalimu mwenyewe.

Kitengo kilikuwa na desturi zake. Ya kwanza, kwenye mkutano wa mwaka hatukuitwa kwa majina yetu. Kila mtu aliitikia mnyama wake. Jarida letu liliandikwa kwa Kiingereza kama majarida yote ya wasomi, lakini orodha iliitwa kwa Kiswahili, kwa sababu Mwalimu alisema mtu hawezi kuwa mdudu katika lugha ya kuazima. Basi utasikia: "Siafu?" "Nipo." "Buibui?" "Nipo." "Jongoo?" "Nipo." Watu wazima, wengine na mvi na shahada, wanaitikia kama watoto wa darasa la kwanza. Ukisema "niko" Mwalimu anakurudisha: "Nipo, bwana, nipo!" Yeye mwenyewe, mwenyekiti wetu, alikuwa Kupe, nami nilikuwa Konokono. Hata katika barua tuliitana hivyo, na mpaka leo kuna watu niliowapenda sana ambao nikitajiwa majina yao ya kitambulisho sitawajua.

Desturi ya pili ndiyo iliyoniponza. Mwanachama asiyeweza kufika mkutanoni alituma chupa. Ndani yake mnyama wake aliyemkusanya mwaka huo, na lebo. Chupa iliwekwa juu ya kiti, jina likiitwa mwenyekiti anaisoma lebo kwa sauti, na katibu anaandika: yupo. Chupa ilihesabiwa kama mtu.

Jarida la kitengo lilikuja mara nne kwa mwaka, kurasa nne zilizopigwa kwa mashine ya kurudufu, wino wake ukichafua vidole. Nani amehamia wapi. Nani amepata jongoo asiyemfahamu huko milima ya Taita. Siafu anaomba kuazimwa kitabu cha Buibui na anaahidi kukirudisha, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Onyo kutoka kwa mwenyekiti: tafadhali msitume nge walio hai kwa posta. Nililisoma jarida hilo mwanzo hadi mwisho nikiwa nimesimama pale pale posta, kisha nikalisoma tena nyumbani na chai, kisha nikaanza kungoja lingine. Ukurasa wa tatu kulikuwa na kona yangu, "Kutoka Ziwani". Niliandika habari za konokono wa mito ya Rangwe, maji yalivyopungua, wapi wamekufa, wapi wamezidi. Mara moja niliandika jinsi nilivyoalikwa kuzungumza na wasichana wa shule moja huko Asumbi, nikawapitishia ruba ndani ya sahani ya maji, na bweni zima likapiga mayowe kama kuna moto. Ilichapishwa mistari miwili. Niliikata kwa mkasi nikaibandika ukutani.

Nisiwafiche: nilikuwa mpweke. Sina neno jingine zuri zaidi. Ikifika Jumapili, Waadventista wamekwisha sali Jumamosi yao, Wakatoliki wanatoka misa, kila mtu ana nyumba ya kwenda kula. Mimi nilikaa mezani na kalamu yangu ya wino nikamwandikia Buibui juu ya Nge, na Nge juu ya Buibui. Hao ndio walikuwa watu wangu.

Halafu likaja gugumaji. Wanaokumbuka miaka ile wanajua: tuliamka tukakuta ghuba imefungwa, kijani kutoka ufuoni hadi macho yanapofika, maua ya zambarau juu, uozo chini. Mashua hazitoki. Mama wa omena alikaa kando ya turubai tupu akiutukana mmea ule kwa lugha mbili. Konokono, wao walifurahi. Walijificha kwenye mizizi yake kwa wingi ambao sikuwahi kuuona. Nilifanya kazi kutwa, mgongo ukiniuma, na niliandika barua ndefu kuliko zote kwa "Kutoka Ziwani".

Jarida lililofuata halikuichapisha. Lilikuwa na ukurasa mmoja tu. Chama kikuu, liliandika, kimechoshwa na vitengo vidogo. Kitengo kisichofikisha wanachama tisa kwenye mkutano wa mwaka huu kitafutwa, na wanachama wake wataingizwa katika kitengo cha samaki. Watu wa samaki! Watu ambao kwao konokono ni chakula cha samaki, hana habari nyingine! Nilikwenda hadi ufuoni nikamsomea mama wa omena.

"Sasa si ni sawa?" alisema. "Samaki iko na maana. Huko utapata bwana."

"Wewe huelewi kitu."

"Naelewa. Wanafunga duka yenu."

Alikuwa ameelewa. Niliketi juu ya mawe nikahesabu kwa vidole waliokuwa bado hai na bado wanajibu barua. Kupe, Siafu, Buibui, Nge, Jongoo, Kaa, Mnyoo, Ruba. Nami. Tisa kamili. Asikose hata mmoja. Niliomba ruhusa kazini, nikapiga pasi gauni la kitambaa kizito, nikanunua viatu. Mkutano ulikuwa Nairobi, Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane, na ilikuwa imepita miaka mitatu, ya kutuma chupa tu, tangu nisikie sauti ya yeyote kati yao.

Jumatano kabla ya mkutano akaja mtu kutoka kwetu: mama mgonjwa, njoo. Mimi ndiye binti wa pekee. Hakuna cha kujadili.

Nilirudi maabara nikiwa nalia kwa hasira, nikijua hasira yenyewe ni dhambi kwa kuwa aliyeugua ni mama yangu. Basi nitume chupa. Nilichagua konokono saba wazuri kutoka kwenye mizizi ya gugumaji, niliowakusanya wiki ile, wakubwa, maganda yao hayana doa. Nikawaosha kwa brashi ndogo. Nikatafuta chupa yenye kifuniko kinachokaza. Nikamimina spiriti. Nikakata karatasi ya lebo, nikaketi.

Hapa ndipo nilipofanya kosa, na nimelirudia kichwani mara nyingi kuliko sala zangu. Penseli ilikuwa mkononi. Haikupotea, haikuvunjika. Nilianza hata kuandika, H ya Homa Bay, nikaitazama ile herufi ya kijivu, nikaona ni kidogo mno. Miaka mitatu hawajaniona. Chupa hii itakaa kwenye kiti changu, na Mwalimu ataishika mkononi ataisoma kwa sauti, na wenzangu watainamisha shingo watazame. Nikataka waone kitu kizuri. Nikaiweka penseli chini nikachukua kalamu ya wino. Nikaandika kwa mwandiko wangu bora kabisa, ule wa cheti: mahali, tarehe, kwenye mizizi ya gugumaji, mkusanyaji. Na chini kabisa nikaongeza: Nawasalimu nyote. Kazi ni penseli, kalamu ni ya barua, na kwangu ile chupa ilikuwa barua.

Wino ukakauka, nikaiviringisha lebo, nikaitumbukiza, nikafunga. Nikaizungushia magazeti ndani ya sanduku, nikaikabidhi kwa watu wa mabasi wanaopokea mizigo ya Nairobi, nikashika njia ya Migori. Mimi, niliyeandika katika kona yangu mara tatu nzima nikiwakaripia wanafunzi wa chuo kwa kosa hilo hilo! Akili ilikuwa wapi, sijui.

Mama alipona haraka. Ijumaa jioni alikuwa ameketi nje akichambua mboga, akaniuliza nimekuja kufanya nini, na kazi je. Jumamosi, saa nne asubuhi, wakati orodha inaitwa, nilisimama nyuma ya nyumba yetu nikielekea upande wa Nairobi, nikasema kwa sauti ndogo, "Nipo." Ng'ombe wakaniangalia.

Barua ilichukua wiki tatu kufika. Haikuwa barua hasa, ilikuwa muhtasari wa mkutano, karatasi moja, bila salamu. Kupe, yupo. Siafu, yupo. Wote hivyo, mmoja mmoja. Ruba, kwa chupa, yupo, lebo imesomwa. Kisha mstari wa tisa: Konokono, hayupo. Chupa moja imepokelewa, spiriti ya buluu, lebo haisomeki. Haikuhesabiwa. Waliohudhuria: wanane. Kitengo kimefutwa. Mwenyekiti amefunga mkutano.

Spiriti ya buluu. Nilielewa pale pale. Niliketi sakafuni katika chumba kile nikalia kwa sauti, mtu mzima, na karani wa ofisi ya jirani akaja kubisha akidhani nimefiwa. Nikamwambia ndiyo.

Baada ya huzuni ikaja hasira, tena nyingi. Hivi kweli hakujua? Kuna nani mwingine nchi nzima ambaye angetuma konokono saba wa ziwani? Chupa zilikuwa mbili tu, na ya Ruba inajulikana! Aliyekuwa na haki ya kusema "hii ni ya Konokono, tuendelee" ni mtu mmoja, na mtu huyo alinifundisha, akanipa kalamu, akaniita binti yake. Nikaapa sitamwandikia tena. Na sikumwandikia. Wala wengine sikuwaandikia, kwa aibu. Nao, kwa aibu au kwa uchovu, hawakuniandikia. Sanduku langu la posta nilifungua nikafunga, nikafungua nikafunga, mpaka nikaanza kupita mbali na posta. Konokono niliendelea kuwahesabu, kwa sababu nilizoea.

Ilikuwa baada ya mvua za mwaka uliofuata. Nilikuwa ndani ya maji, nimeinama, gugumaji limesogezwa na upepo upande mwingine, ndipo mama wa omena aliponiita kutoka ufuoni.

"Nyar Kuria! Mgeni wako!"

"Sina mgeni."

"Iko hapa. Mzee. Inavua viatu!"

Nikageuka. Mwalimu alikuwa ameketi kwenye jiwe langu la kupumzikia, suruali amekunja hadi magotini, miguu myembamba myeupe kwa vumbi, na kando yake mfuko wa kikapu. Alikuwa amezeeka kuliko miaka iliyopita. Shikamoo ilinitoka kabla hasira haijaizuia.

"Marahaba, Konokono. Maji yana ruba?"

"Wachache."

"Basi naingia."

Akaingia. Sikumpa mkono. Tulisimama maji yakitufika magotini, naye akatoa kwenye kikapu ile chupa. Niliitambua kwa kifuniko. Spiriti ilikuwa ya buluu kama maji ya kufulia, na konokono wangu saba, wale wazuri, wamekuwa wa buluu pia. Lebo ilikuwa karatasi tupu. Karibu tupu: kwenye pembe ilikuwepo herufi moja ya kijivu, H.

"Ulijua kuwa ni yangu?" nilimuuliza. Nilitaka kuuliza kwa adabu, ila ilitoka kama ngumi.

"Nilijua."

"Tangu mwanzo?"

"Tangu nilipofungua sanduku. Lilikuwa limejaa magazeti uliyojaza mafumbo yake ya maneno kwa kalamu yangu." Akaipangusa chupa kwa kiganja. "Nilijua."

"Basi kwa nini, Mwalimu? Ungesema neno moja tu! Kitengo kingekuwepo mpaka leo. Mimi..." Nikayapiga maji kwa mpini wa chujio. "Mimi sikuwa na kitu kingine."

Aliigeuza chupa mkononi.

"Unafikiri mimi nilikuwa nacho?" alisema. "Mke wangu amekufa. Wanangu wako Ulaya. Nilikaa pale mbele na chupa hii mkononi, wote wananitazama, Buibui ananikonyeza niseme. Nilitaka kusema, wallahi nilitaka. Lakini kujua kwangu si lebo, binti yangu. Miaka thelathini nimetupa vichupa vya watu, vingine vyenye wanyama sitawaona tena, kwa sababu walisema 'tunajua kimetoka wapi'. Leo nikubali cha kwako kwa sababu nakupenda?"

Kuna siku nasema alikuwa sahihi, na kuna siku namwona mzee mkaidi aliyeivunja nyumba yetu kwa sababu ya karatasi. Siku hiyo niliyaona yote mawili pamoja, nikamshika mkono asiteleze kwenye matope.

"Na sasa umekuja kufanya nini?"

"Kusahihisha. Kitengo kimekufa, lakini kumbukumbu isibaki na makosa." Akatoa mfukoni kipande cha penseli kifupi kama kidole cha mtoto. "Ulikusanyia wapi hasa? Nionyeshe. Siwezi kushuhudia mahali nisipopaona."

Nikamwonyesha, hatua ishirini kutoka kwenye jiwe. Akatazama maji, akatazama mlima, akaridhika. Tulitoka tukaketi juu ya turubai la omena, mama akatusogezea nafasi akigomba kwamba tunalowesha. Niliandika lebo upya kwa penseli. Aliisoma mara mbili.

"Ile nyingine ilikuwa na maneno zaidi," alisema. "Niliona alama ya mkandamizo wa nibu, mistari mitano. Minne najua ilikuwa ya nini; wa tano sikuweza hata kuukisia."

"Nilikuwa nawasalimu."

Akatikisa kichwa, akaitumbukiza lebo mpya, akafunga. Kisha akasema tuite orodha. Mama wa omena akaacha kufagia ili asikilize.

"Kupe?" niliita.

"Nipo."

"Konokono?" aliita yeye.

"Niko."

"Nipo, bwana!"

"Nipo," nilisema, tukacheka sote watatu, mama yule zaidi yetu, ingawa yeye alicheka miguu ya Mwalimu. Alikula nasi omena mchana ule, akasema ni watamu, akaondoka kesho yake asubuhi na chupa ndani ya kikapu. Kuanzia hapo alikuja kila mwaka, Jumamosi ya pili ya mwezi wa nane. Alikuja mara mbili zaidi. Tuliingia majini, tuliita orodha ya watu wawili, niliandika kwenye daftari langu, tulikula.

Mwaka wa nne sikupata barua ya kunijulisha anakuja, nikafikiri ni posta. Jumamosi niliteremka mapema, nikapika, nikakaa kwenye jiwe. Saa nne ikapita. Habari zilikuja wiki mbili baadaye katika jarida la watu wa samaki, ambalo walinitumia bila mimi kuliomba, mstari mmoja chini ya matangazo: mwanachama wa zamani, mtafiti wa kupe, amefariki mwezi uliopita. Hawakusema amezikwa wapi.

Mwaka uliofuata nilishuka tena ufuoni siku ile. Sikuwa na sababu ya maana. Nilivaa lile gauni lililopigwa pasi kwa ajili ya Nairobi, nikakunja pindo, nikaingia majini na daftari. Mama wa omena aliweka ufagio chini akaja ukingoni.

"Kupe?" niliita.

Nikangoja. Kanuni inataka jina liitwe mara mbili.

"Kupe?"

"Andika tu yuko," alisema mama wa omena polepole, bila utani hata kidogo. "Nani ataona?"

"Yeye angeona."

Nilitamani sana kuandika yupo. Nilijua alikuwa wapi maishani mwangu, nilijua vizuri kabisa. Lakini chupa hakutuma, na lebo hakuna. Nikatoa penseli nikaandika: Kupe, hayupo. Nikalikoleza neno lile mara ya pili ili lisomeke.

Kisha nikajiita, nikajiitikia, na chini yake nikaandika: Konokono, yupo.